Aliyepiga Ngoma Upande wa Pili

Priska Chilongani alimshuku yule mtu tangu alipovua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Watu wa mjini siku hizi hawavui viatu. Wanaingia na vumbi lao hadi katikati ya zulia. Anayevua kwa haraka namna ile, Priska alijiambia, ana kitu anachokitaka humu ndani, na kitu chenyewe si kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Naitwa Mudrick, bibi. Kwetu Kondoa, ila nina duka la kutengeneza redio na amplifaya hapa hapa Area D. Dada Anitha ananifahamu."

Priska akamgeukia binti yake. Anitha alikuwa amejikunja kwenye kochi, simu mkononi, anatabasamu kama mtu aliyevunja sahani na anangoja igundulike.

"Umefanya nini?"

"Mama, niliweka picha tu. Nilikuwa napanga kabati, nikaiona ile santuri yako, nikaona nzuri, nikaiweka kwenye stetasi. Basi."

"Basi," Priska alirudia. Sauti hiyo watoto wa shule waliijua vizuri kuliko kengele. Miaka ishirini na nane alikuwa mpishi wa shule, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kupata kipande cha pili cha nyama kwa kumdanganya. Waliojaribu walikuwa wengi, wengine sasa ni mameneja.

Mudrick aliketi kwenye ncha ya kiti. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mikono yake ina alama ndogo ndogo za kuungua kwa risasi ya kulehemu. Akaeleza shida yake kwa adabu, na kadiri alivyozidisha adabu ndivyo Priska alivyozidi kurudi nyuma kwenye kiti chake.

Kulikuwa na kundi la WhatsApp, alisema, watu mia mbili na kumi na wawili, wote wapenzi wa bendi moja tu, Nyika Sound ya Dodoma. Wengine walikuwa hawajazaliwa bendi ilipokufa. Wengine wako Muscat, wengine Toronto. Wa hapa mjini hukutana kila Jumamosi mchana dukani kwake, wanasikiliza, wanabishana. Bendi ile haikuwa ya kucheza na kushikana viuno kama bendi nyingine za wakati wake. Iliweka gitaa la umeme na kinanda cha umeme juu ya zeze na ngoma za Kigogo, ikapiga nyimbo ndefu kama safari, zinazobadilika katikati, zinapanda, zinanyamaza, zinarudi kwa mlango mwingine. Santuri ya pili, "Mwaka wa Vumbi" ya mwaka sabini na tano, upande wake wote wa pili ni wimbo mmoja. Dakika kumi na tisa.

"Najua urefu wake," Priska alisema.

"Sasa bibi, miaka miwili iliyopita kampuni moja ya Ulaya iliitoa upya. Wakaisafisha kwa mitambo yao. Na hapo ndipo vita vilipoanza. Maana katikati ya ule wimbo ngoma inanyamaza, gitaa linabaki peke yake dakika nne nzima. Mwisho wa zile dakika nne, kwenye santuri za zamani, unasikia ko, ko, ko. Sisi tunaziita hodi tatu. Halafu ngoma inarudi. Kwenye toleo jipya hodi hazipo! Kuna wanaosema zilikuwa uchafu, kampuni imefanya vizuri kuzifuta. Kuna wanaosema ndizo roho ya wimbo. Bibi, watu wamenuniana. Watu wazima wametoka kwenye grupu."

Priska aliangalia mikono yake. Hodi tatu alizijua. Alijua zilibishwa na nani, zilibishwa juu ya nini, na alikuwa wapi yeye zilipobishwa.

"Santuri zetu zote zimechakaa hapo hapo," Mudrick aliendelea. "Zilipigwa kwenye mabaa mpaka mifereji imelika. Nilipoona picha ya hiyo yako, ile inang'aa kama imetoka jana, nikasema huyu bibi Mungu amemuweka. Niazime siku mbili tu."

Hapo, Priska akasema moyoni. Hapo ndipo viatu vilipovuliwa.

"Na humo ndani," aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya asizozitaka, "ngoma anapiga nani?"

"Stanley Ndahani, bibi. Marehemu. Zamani hapakuandikwa jina, jalada lilisema 'ngoma za asili' tu. Ila toleo jipya lina kijitabu, majina yote yamo. Stanley alikuwa fundi, bibi. Fundi wa kweli."

Anitha alisema baadaye kwamba mama yake hakubadilika uso hata kidogo, ila kidole chake cha mkono wa kulia kilianza kugonga paja, taratibu, kwa mapigo yasiyolingana.

"Na kijitabu kinaweza kurekebishwa?"

"Ndiyo bahati yenyewe. Wanachapa mara ya pili. Wametuambia mwenye marekebisho ya majina au ya sauti ayapeleke kabla ya Jumatatu. Baada ya hapo ndiyo imetoka."

"Santuri haitoki humu ndani," Priska alisema. "Jumamosi nitakuja nayo mwenyewe. Una kitambulisho cha taifa?"

"Ninacho, bibi."

"Kitoe nikione."

*

Stanley Ndahani! Alimfahamu Stanley. Kijana mpole, mrefu, mabega kama mlango. Alikuwa anabeba vyombo vya bendi. Alibeba amplifaya, alibeba kinanda, alibeba ngoma zote nne kwa mara moja, mbili mabegani na mbili zimefungwa kwa kamba mgongoni. Lakini kupiga muheme? Mwanamume wa Kigogo akae chini, aibane ngoma ile katikati ya mapaja yake, mbele ya watu? Mama yake angezimia.

Maana muheme ni ngoma ya wanawake. Hilo kwao Haneti halikuhitaji kuandikwa, kama ambavyo hakuna anayeandika kwamba mwenye mimba ni mwanamke. Priska aliifundishwa na mama yake mdogo akiwa binti wa miaka kumi na mitatu, akiwa ametoka shule, kabla ya kwenda kuteka maji. Alimaliza darasa la saba akijua vitu viwili barabara: kusoma gazeti bila kugotagota, na kupiga muheme. Anthony Masima alipokuja kijijini na gitaa lake la umeme na betri ya lori, anatafuta mlio ambao bendi za Dar es Salaam hazina, wanawake kumi na wawili walimpigia. Akachagua mmoja. Priska alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Alipiga na Nyika Sound miaka mitatu. Bendi ikafa, Anthony naye akafa, Priska akaolewa Kibakwe, akalima mahindi na maharage kwenye miteremko ile, akazaa, akafiwa na mume, akarudi Dodoma, akapata kazi ya kupika shuleni. Santuri ilihama naye kila alipohama, ndani ya foronya. Gramafoni hakuwahi kuwa nayo. Miaka hamsini aliitunza bila kuisikia, na kila vumbi la Agosti lilipoanza aliitoa, akaifuta kwa kipande cha kanga kikavu, akairudisha.

Hakuwa amewasimulia watu. Wasimulie nini? Wamwone anajitapa? Wenye kujua walijua. Sasa ndiyo alikuwa anagundua kwamba wenye kujua wamekufa karibu wote, na kwenye nafasi yake ameingia mtu mwingine bila hata kubisha mlango.

Nani aliyemwingiza? Swali hilo lilimla wiki nzima. Jumanne alikuwa na hakika ni Mudrick mwenyewe: amebuni jina ili aonekane mjuzi. Jumatano akamshuku Anitha kwamba ameshaahidi santuri kwa siri, maana alikuwa anaandika kwenye simu huku anacheka. Alhamisi aliihamisha santuri mara tatu, kutoka chini ya godoro kwenda nyuma ya pipa la unga, kutoka hapo kwenda juu ya kabati, kisha chini ya godoro tena.

"Mama," Anitha alisema, "itavunjika kabla hawajaiiba."

"Nani kasema wataiiba? Mbona umewaza wizi?"

"Aaa, mama!"

"Ungekuwa huna unalolijua usingewaza wizi."

Lakini kulikuwa na hofu nyingine ambayo hakumwambia Anitha. Sauti anayoitegemea kuwa shahidi wake, alikuwa ameisikia mara moja tu, kwenye studio ya Nairobi, siku ile ile waliporekodi. Baada ya hapo wale mafundi walibaki na kanda zao. Je, kama waliifuta siku hiyo hiyo? Kama kwenye santuri haimo, atabaki bibi kizee mmoja dhidi ya kijitabu kilichochapwa Ulaya.

*

Jumamosi alivaa gauni lake la kanisani, akafunga foronya ndani ya kanga mbili, akapanda bajaji na Anitha. Dereva alipotaka kumsaidia kubeba, alimtazama mpaka akarudisha mikono.

Duka la Mudrick lilikuwa chumba kirefu chenye redio zilizofunguliwa matumbo ukutani pande zote. Kwenye meza ya nyuma, chini ya kitambaa safi, palikuwa na gramafoni. Mudrick na wenzake watatu walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, na walikuwa tayari wanapigana kwa maneno.

"Mimi nasema ya kwanza ndiyo bora," alikuwa anasema Abubakari, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma na wizara yake, shati limechomekwa hata siku ya Jumamosi. "Ya kwanza ina nyimbo. Ya pili ina nini? Dakika nne mtu anakwaruza gitaa."

"Wewe rudi Dar ukasikilize taarabu," mwingine alimjibu. Huyu aliitwa Elieza, mwalimu mstaafu. "Hizo dakika nne ni jangwa! Ni kiangazi chenyewe! Ngoma imekufa, mvua haipo, mtu anatembea peke yake. Halafu hodi tatu: mvua inabisha! Masima alikuwa anafikiri, bwana. Ninyi mnataka kiitikio tu."

"Hodi gani? Ni santuri imechakaa! Toleo jipya limeonyesha wazi."

"Toleo jipya limenyolewa! Limenyolewa hadi kope!"

Wakamwona Priska mlangoni, wakasimama wote, shikamoo zikamiminika. Alizipokea moja moja, huku anawakagua. Wa nne, aliyekuwa amekaa pembeni na kofia ya kufuma, alichelewa kusimama. Alikuwa na miaka kama sitini na nane. Mabega yake yalikuwa kama mlango.

"Shikamoo dada Priska," alisema, kwa sauti ndogo.

Moyo wa Priska ulitulia, kama unavyotulia unapopata shimo ambalo panya anapitia.

"Marahaba, Yotham. Sikujua uko Dodoma."

"Mnafahamiana?" Mudrick alifurahi. "Mzee Yotham ndiye mdogo wake marehemu Stanley! Ndiye aliyezungumza na wale Wazungu kwa simu walipokuwa wanatafuta majina."

"Nilidhani hivyo," Priska alisema, akaketi.

Hakuharakisha. Alikataa soda mpaka ifunguliwe mbele yake. Alitaka kuona sindano ya gramafoni, akaivalia miwani, akauliza ilibadilishwa lini. Mudrick alijibu kila swali kama mwanafunzi wa mtihani. Kisha Priska akasema waanze na toleo lao jipya, upande wa pili, ili masikio yake yajue wamefanya nini.

Wakapiga. Sauti ilitoka safi, pana, kama nyumba iliyopakwa rangi upya. Priska alisikiliza kichwa kikiwa chini. Anthony alikuwa hai mle ndani. Zeze lilikuwa hai. Lakini ngoma ilikuwa na kitu. Ilikuwa imelingana mno. Tangu mwanzo hadi mahali inaponyamaza ilikuwa na mlio mmoja, na iliporudi ilikuwa na mlio ule ule, umenyooshwa kama shati la Abubakari. Na kati ya gitaa na ngoma hapakuwa na kitu ila kimya cha mashine.

"Wameipandisha," alisema.

"Wamepandisha nini, bibi?"

"Ngoma yangu."

Abubakari alicheka kidogo, kwa heshima. "Ngoma yako kivipi, bibi?"

"Mimi ndiye niliyepiga."

Elieza alimtazama Mudrick, Mudrick akamtazama Yotham, na Yotham akawa anatazama sakafu.

"Dada Priska alikuwa karibu na bendi," Yotham alisema hatimaye. "Alikuwa anaitikia. Wanawake walikuwepo wa kuitikia, ni kweli. Lakini ngoma alipiga kaka. Alituambia mwenyewe, mpaka anakufa alituambia."

"Wewe ulifika Nairobi?"

"Sikufika, dada. Nilikuwa shule."

"Basi kaa hapo."

Akafungua kanga ya kwanza, akafungua ya pili, akatoa foronya. Walipoiona ile santuri, hata Abubakari alivuta pumzi. Nyeusi tii, haina hata unywele wa mkwaruzo. Mudrick alinyoosha mikono, Priska akaikwepesha, akainuka, akaiweka mwenyewe kwenye sahani, polepole, kama anaweka chungu cha moto. Sindano tu ndiyo alimwachia.

"Nitasema mapema kila kitakachokuja," aliwaambia. "Nikikosea, nitafunga mzigo wangu niende nyumbani. Nyumbani sina gramafoni. Anitha, ninayo?"

"Hana," Anitha alisema. "Hajawahi."

Ikaanza. Dakika tatu, nne zikapita. Kidole cha Priska kilikuwa kinafuata pajani. Kisha akainua mkono.

"Sasa sikilizeni ngozi. Inalegea. Nairobi mwezi wa saba kuna manyunyu, baridi inaingia hadi kwenye meno. Muheme ni ngozi ya mnyama wa Dodoma, haijazoea. Kila nikipiga inashuka. Hapo... umesikia? Imekuwa kama debe la mbolea."

Elieza alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua. "Inashuka," alisema. "Mungu wangu, inashuka kweli. Kwenye ya kwangu nilidhani ni gramafoni yangu inayumba."

"Nikamwangalia Anthony. Nikamwonyesha kwa macho, ngoma imekufa. Yeye kwa kichwa akaniambia: toka, kaioteshe moto. Mashine zilikuwa zinakwenda na kanda ni ile moja, hakuna kuanza upya. Sasa... natoka."

Ngoma ikanyamaza. Gitaa likabaki.

"Hili ndilo jangwa lenu," Priska alisema. "Mimi niko uani. Mlinzi alikuwa na jiko la mkaa, anachoma mahindi. Mkikuyu mmoja mzee. Nikamwambia baba, ondoa mahindi. Akakataa. Nikayaondoa mwenyewe, nikainamisha ngoma juu ya makaa, yeye ananitukana kwa Kikikuyu, mimi namjibu kwa Kigogo. Anthony huku ndani hajui nitarudi lini, anazunguka, anazunguka. Sikilizeni, hapa mara ya tatu anarudia kitu kile kile. Hajui aende wapi!"

Abubakari alipiga paja kwa kicheko. "Nilisema! Nilisema mtu anakwaruza tu!"

"Nyamaza wewe," Elieza alimkemea, lakini naye midomo ilikuwa inamcheza.

Priska hakucheka. Mikono yake ilikuwa imeshikana. Sasa lilikuwa linakuja lile lenyewe. "Ataona nimechelewa," alisema. "Atagonga mbao ya gitaa lake mara tatu, kuniita. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi. Na mtu atajibu kutoka nje. Atasema 'bado'. Huyo mtu ni mimi."

Gitaa lilizunguka. Mudrick alikuwa ameinama mpaka sikio lake karibu liguse spika. Yotham alikuwa amevua kofia.

Ko. Ko. Ko.

Na hapo, mbali, nyuma ya kila kitu, kama mtu aliyeko ng'ambo ya ua, sauti nyembamba ya msichana mwenye haraka: "Bado!"

Anitha alishika mdomo. Alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akiwa msichana.

Gitaa lilizunguka mara moja zaidi, kisha miguu ilisikika, kisha ngoma iliingia, kali, imekazwa na moto, na ilichelewa nusu pigo, ikajivuta, ikakaa mahali pake. Sindano ikafika mwisho wa upande.

"Ule mkwaruzo," Mudrick alinong'ona. "Kwenye ya kwangu kuna mkwaruzo hapo. Miaka yote nimeusafisha kwa spiriti."

"Ni mwanamke, sawa," Yotham alisema. Alisema kwa kujilazimisha, kama mtu anayesukuma gari bovu. "Lakini aliyetoka nje kuotesha ngoma si lazima awe ndiye anayeipiga. Kaka angeweza kumtuma."

Priska alimgeukia, na safari hii alimtazama kama alivyokuwa anawatazama watoto wanaorudi na sahani kwa mara ya pili huku midomo inang'aa mafuta.

"Yotham. Hawa ni watoto wa Kondoa na wa pwani, nawasamehe, wataona wapi? Wewe ni Mgogo. Mama yako alipiga muheme, nilimwona kwa macho yangu kwenye jando. Baba yako je? Ulipata kumwona ameibana mapajani?"

Elieza, aliyekuwa Mgogo wa Mpwapwa, aligeuka na kukohoa kicheko ndani ya kiganja. "Ni kweli," alisema. "Sote tuliona jina la mwanamume, hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza. Nilidhani kwenye bendi mambo ni mengine."

"Nakuuliza wewe, Yotham. Ulimwona?"

"Hapana, dada."

"Kwa nini basi?"

Yotham alizungusha kofia mikononi. "Walipiga simu," alisema. "Mzungu na mtafsiri wake. Wakasoma majina: gitaa fulani, kinanda fulani, zeze fulani. Wakauliza Stanley alipiga nini. Kaka alikuwa na wiki tatu tu kaburini. Wote wana kitu, yeye ningesema nini? Alibeba mizigo? Nikasema ngoma. Nilijua wewe ulishaolewa Kibakwe. Nikadhani..."

"Ukadhani nimekufa."

"Nisamehe, dada."

Msamaha ungengoja, Jumatatu haingoji. Mudrick alikuwa ameshachukua simu, anasema ataandika sasa hivi, atawatumia na sauti yenyewe akiinakili hapo hapo, santuri haitatoka machoni pa bibi.

"Si wewe," Priska alimzuia. "Wewe hawakukuuliza majina. Aliyepeleka ndiye arekebishe. Yotham, toa simu yako."

Yotham akatoa. Priska akavuta kiti hadi mabega yao yakagusana, akavaa miwani. Alimsomea kwa sauti kila neno alilokuwa anaandika, herufi kwa herufi, na Yotham alipoandika "inawezekana" akamfutisha. Jina la Stanley lilipofutika mbele ya neno ngoma, kidole cha Yotham kilisimama hewani.

Priska alikitazama kile kidole. Alikumbuka kituo cha treni cha Dodoma, na kijana mrefu aliyevua koti lake kwenye baridi ya alfajiri akaifunika ngoma.

"Kwani kubeba si kazi?" alisema. "Andika. Stanley Ndahani, mbeba ngoma na vyombo vyote, Dodoma hadi Nairobi na kurudi. Ndiyo kweli. Ngoma nne kwa mara moja, nani mwingine aliweza? Andika nne."

Yotham aliandika nne. Akatuma.

"Wamejibu?"

"Bibi, leo ni Jumamosi," Abubakari alisema. "Wazungu Jumamosi hawafanyi kazi."

"Basi nitarudi."

Alifunga santuri yake, foronya, kanga ya kwanza, kanga ya pili. Alipokuwa anatoka, Elieza na Abubakari walikuwa wameshaanza tena: mmoja anasema bahati mbaya si usanii, mwenzake anasema usanii ni kujua la kufanya na bahati mbaya. Walimwita aamue. Aliwaambia waamue wenyewe, yeye alikuwa uani.

Jumatatu Mudrick alimkuta ameketi kwenye ngazi ya duka, mkoba mapajani. Jibu lilikuwa limeingia asubuhi ile. Kampuni iliomba radhi, hodi zitarudishwa, na ukurasa wa majina ulikuwa umeambatishwa jinsi utakavyochapwa. Mudrick aliukuza kwenye simu.

Priska alisoma. Jina lake lilikuwa la tatu kutoka juu. Muheme: Priska Chilongani. Aliusoma mara ya pili akitafuta walipomchezea, hakupaona. Akamwambia Mudrick autoe kwenye karatasi, kwa sababu kilichomo kwenye simu mtu yeyote anaweza kukifuta akiwa amelala kitandani kwake. Mudrick alikwenda kwenye duka la jirani lenye printa, akarudi na karatasi ikiwa bado ya moto.

Priska aliishika kwa mikono miwili. Akaanza tena kutoka juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikapita jina lake, kikapita la Stanley, kikasimama kwa aliyepiga kinanda.

"Na huyu," alisema, huku miwani ikishuka puani, "huyu naye mlipewa na nani?"